Namna ya Kuheshimika kwa Kamera Ndogo

Hapa Chepilat mpiga picha huulizwa maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ndilo linalowakosesha vijana usingizi: "Hiyo kamera ni ya gani?" Anayeuliza hana haja na lenzi wala mwanga, lakini majina anayajua. Amesikia Canon, amesikia Sony, na mpwa wake aliyeko Nairobi amemwambia kwamba mpiga picha wa kweli hujulikana kwa kamera yake. Ukitaja jina asilolitarajia, bei yako inashuka papo hapo, na kamati ya harusi inaanza kumkumbuka binamu fulani mwenye iPhone.

Nakuandikia wewe kijana mwenye shauku kubwa na mfuko mdogo, uwe wa upande wa Sotik au wa Borabu, maana hapa mpakani pa Bomet na Nyamira sherehe hazijui kaunti. Nitakupa njia za mkato za kuheshimika bila kumuuza ng'ombe wa gredi wa mama yako. Zote zinasimama juu ya kanuni moja. Majivuno ya watu hayana dawa, kwa hiyo yalishe, ila yalishe kwa vitu vyenye kazi. Kila shilingi unayotumia ili uonekane mkubwa, hakikisha inakusaidia pia kupiga picha nzuri. Ukiishika kanuni hiyo, mengine ni utaratibu tu.

Hatua ya 1: Usibishane na macho ya mteja

Usiimalize jioni ukimweleza mteja kwamba picha hupigwa na mtu, wala si na chuma. Ni kweli, na hatakusikia. Kamera anaiona leo; picha ataiona wiki ijayo. Kwa hiyo leo anapima kilicho mbele yake: ukubwa wa kamera na maandishi yaliyo juu ya lenzi.

Wala usimdharau kwa hilo. Wenye pesa huko Ulaya hufanya vivyo hivyo, tena kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2012 Hasselblad, kampuni ya Uswidi ambayo kamera zake zilifika mwezini, ilitangaza kamera iitwayo Lunar. Ndani ilikuwa Sony NEX-7. Nje iliwekewa kishikio cha mbao na mapambo, ikapangiwa bei ya euro 5,000 hivi, mara kadhaa ya bei ya Sony yenyewe. Hiyo ilichekwa na haikudumu. Lakini Leica imeuza kwa miaka mingi kamera ndogo za D-Lux ambazo kimsingi ni Panasonic zilizobandikwa doa jekundu na kupandishwa bei, na wanunuzi wapo.

Kama mtu wa Berlin analipia doa jekundu, mama wa Chepilat anayemtafutia binti yake mpiga picha wa koito, yaani sherehe ya posa, ana haki ya kuuliza jina. Mpe jina. Kazi yako ni kuhakikisha nyuma ya jina hilo kuna picha.

Hatua ya 2: Jua kila jina linavyosomwa kwenu

Kila jina lina sifa yake sokoni, na kila sifa ina chanzo chake. Jifunze vyanzo hivyo, vitakusaidia kuliko matangazo.

Canon ni jina la harusi. Mwaka 2008 ilitoa 5D Mark II, kamera ya picha iliyorekodi video safi kiasi kwamba watu wa video za harusi waliikimbilia. Halafu kuna zile lenzi ndefu nyeupe unazoziona pembeni mwa uwanja wanariadha wetu wanapokimbia. Canon ilizipaka nyeupe ili jua lisivipashe joto vioo vya ndani. Mtazamaji hakujua habari ya joto. Aliona weupe tu, na weupe ukawa cheo.

Sony ni jina la vijana wa YouTube na video za nyimbo. Iliingia kwenye ulingo huu kwa kununua biashara ya kamera ya Konica Minolta mwaka 2006. Tangu hapo imeshika pande zote mbili, maana kile kibamba kinachonasa mwanga ndani ya Nikon nyingi hutengenezwa na Sony hiyo hiyo.

Fujifilm ni jina la wenye mtindo. X100V ilitoka mwaka 2020, TikTok ikaipenda miaka miwili baadaye, na za mtumba zikauzwa kwa bei inayopita ya kamera mpya dukani. Kamera ilikuwa ile ile ya mwaka 2020. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliotaka kuonekana nayo.

Na kibandani, vijana wakianza kugombana kama Canon ni bora au Nikon, nyamaza kwanza. Wakichoka, waambie kwamba kamera ya kwanza ambayo Canon iliuza, Hansa Canon ya miaka ya 1930, ilikuwa na lenzi ya Nikkor, yaani lenzi iliyotengenezwa na kampuni tunayoiita Nikon leo. Utaheshimika kibandani bila kununua hata betri.

Hatua ya 3: Nunua walichokiacha wengine

Mwaka 2018 Canon na Nikon zilianzisha mifumo mipya ya kamera kubwa zisizo na kioo ndani. Wenye pesa wakahamia huko, na wanaendelea kuhama. Zile za zamani zenye kioo zikabaki zikitafuta wenyewe kwa bei ya mtumba. Hapo ndipo pako.

Usione aibu. Piga hesabu. Picha ya albamu, inchi 6 kwa 4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, inahitaji pikseli milioni 2 na kidogo. Picha ya A4 ya kutundika sebuleni inahitaji milioni 9 hivi. Canon 600D ya mwaka 2011 ina milioni 18, na Nikon D3200 ya mwaka 2012 ina milioni 24. Ukuta wa nani hapa Chepilat utazidi hapo?

Ukienda kununua, nenda mchana, beba tochi. Itoe lenzi kwenye kamera, imulike kwa nyuma, chungulia kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba za kijivujivu zimetandaa kwenye kioo, hiyo ni fangasi; iache pale pale hata ukipunguziwa bei. Kisha funga lenzi hadi f/16, piga picha ya anga tupu, uikuze kwenye skrini. Madoa meusi yatakuonyesha uchafu ulio ndani. Uliza shata imefungua mara ngapi. Andika namba iliyo chini ya kamera, ilinganishe na ya kwenye boksi au risiti. Muuzaji akikasirishwa na maswali haya, rudisha pesa mfukoni.

Mwenye kukucheka umwambie habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943. Alianza utotoni kwa Box Brownie ya mtumba, kamera ya sanduku ya Kodak, kutoka ukoo ulioanza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola moja. Mwaka 1984 alirekodi njaa ya Ethiopia, na dunia nzima ikasimama kutazama.

Hatua ya 4: Vaa majivuno yenye kazi

Sasa tuipambe. Unahitaji vitu vitatu, na vyote ni vya bei nafuu.

Kwanza, mkanda mpana wenye jina kubwa la kampuni ya kamera yako. Chagua usiotaja toleo. Ukiandikwa Canon peke yake, watu watamalizia wenyewe, na watamalizia kwa ukarimu. Kazi yake nyingine ni kukulinda: mkanda mpana haukuumizi shingo kuanzia ibada ya asubuhi hadi keki ya jioni, na haukatiki ukiwa juu ya boda boda.

Pili, hudi ya lenzi, ile pete ndefu ya plastiki inayofungwa mbele. Inairefusha lenzi na kuipa sura ya kazi nzito. Wakati huo huo inazuia jua la pembeni lisiifanye picha ikapauka, na inakinga kioo dhidi ya matone ya mvua yetu ya alasiri.

Tatu, kishikio cha betri kinachofungwa chini ya kamera. Hii ndiyo siri kubwa. Kamera ndogo ikipandishwa juu yake inaongezeka kimo, na kwa mbali huwezi kuitofautisha na zile za waandishi wa habari. Ndani kinabeba betri mbili, jambo ambalo utalishukuru siku stima inapopotea tangu usiku na sherehe inaanza saa tatu.

Umalizie kwa kipande kidogo cha utepe mweusi juu ya namba ya toleo. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alizifunika sehemu zinazong'aa za Leica yake kwa utepe mweusi ili watu wasiione. Wewe funika namba ili watu waione kamera tu. Hujasema uongo wowote.

Hatua ya 5: Pesa iliyobaki iende kwenye kioo na mwanga

Hapa usiteleze. Ukishapata sura, pesa yote inayobaki inunue vitu viwili ambavyo hakuna atakayekuuliza jina lake.

Cha kwanza ni lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Canon, Nikon na Sony kila moja ina yake, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Ile ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, inafunguka f/5.6 tu. Hii ya 50 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ndani ya nyumba yenye dirisha moja, na ng'ambo ya mlima mvua imeshafunga anga, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama uso wa nyanya utaonekana au utapotea gizani. Tena inaufifisha usuli, na mteja akiona usuli umefifia anasema "hii ni kamera ya kweli." Muache aseme.

Cha pili ni flashi ya kupachika juu, inayogeuza kichwa. Godox na Yongnuo wanatengeneza za bei ambayo kijana anaweza kuidunduliza. Usimlenge mtu usoni. Igeuze juu, mwanga ugonge dari nyeupe au paa la hema jeupe, urudi chini ukiwa laini. Nyumba ikiwa ya mabati bila dari, mwombe mtu akushikie leso nyeupe pembeni, uilenge hiyo. Flashi iliyogeuzwa juu inawafanya wageni wakuone mjuzi, na kwa bahati nzuri ndiyo njia sahihi.

Hatua ya 6: Mtoe bibi harusi ndani ya majani

Kila mteja wa nchi ya chai anataka picha akiwa katikati ya majani chai. Usimnyime. Lakini kabla hujabonyeza, angalia kidevu chake.

Jua la saa tano likigonga shamba lililochumwa juzi, lile bapa la kijani linaurudisha mwanga juu, na mwanga unaorudi ni wa kijani. Unaingia chini ya kidevu, chini ya pua, na kwenye kila kunjo la gauni jeupe. Macho yako hayauoni kwa sababu ubongo unausawazisha upesi. Kamera inaunasa wote. Wiki inayofuata albamu inafunguliwa, bibi harusi anaonekana anaumwa, na shangazi mmoja anasema, "Mngemleta yule wa Sony." Sony ingeunasa ukijani ule ule.

Njia ya mkato ni fupi sana: mtoe. Hatua tatu tu hadi kwenye njia ya wachumaji au ukingo wa barabara ya udongo. Udongo wetu mwekundu unarudisha mwanga wenye joto, na ngozi zetu zinaupenda. Chai ibaki nyuma yake, imejaa picha nzima. Kwa mtazamaji bado yuko shambani. Halafu mpe msaidizi wako gunia jeupe lililofuliwa, alishike usawa wa kiuno cha bibi harusi, nje ya picha, mwanga mweupe upande usoni.

Umesikia nimesema msaidizi. Mtafute, hata kama ni mdogo wako, na mvae fulana za rangi moja. Mtu mmoja na kamera ni kijana wa mtaani. Wawili wenye fulana za rangi moja ni kampuni. Na gunia haliwezi kujishika.

Kuhusu hema, kumbuka la buluu huwapaka wageni buluu na jekundu huwapaka wekundu. Omba maharusi wawekwe ukingoni, karibu na mwanga wa nje. Sema ni kwa ajili ya upepo, kama mpambaji ana hasira.

Hatua ya 7: Jibu swali upesi, kisha fungua albamu

Swali litakuja tu. Salimia kwanza kwa lugha ya mwenyeji: upande wa Sotik "Chamgei", upande wa Borabu "Bwakire". Mtu akishasalimiwa kwa lugha ya nyumbani, ukali wa swali hupungua nusu.

"Kijana, hiyo ni ya gani?"

"Ni Canon, mama. Hebu tazama hii."

Maneno hayo yanatosha. Taja jina bila namba, na kabla hajavuta pumzi ya kuuliza tena, uwe umeshampa albamu ndogo ya picha zilizochapishwa. Picha kumi tu, zile bora kabisa, za watu wa huku huku anaoweza kuwatambua, na umewaomba ruhusa. Akimwona jirani yake amependeza, habari ya kamera imekwisha. Sasa anataka apendeze kumshinda jirani.

Usimwonyeshe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na usidanganye toleo hata siku moja. Kituo ni kidogo, na kila kamati ya harusi ina kijana mmoja anayezijua kamera zote kwa kuzitazama mtandaoni. Yeye akikuuliza, mwambie ukweli wote, hadi mwaka wa kamera. Kisha mpe aishike, apige picha mbili. Kuanzia hapo atakuwa mtetezi wako.

Hatua ya 8: Likodi jina kwa siku moja

Kuna wateja wasiotulizwa na albamu. Wanataka Sony, wameshaahidi jamaa kwamba kutakuwa na Sony. Usinung'unike. Andika bei mbili kwenye karatasi: hii ni bei kwa kamera yangu, na hii ni bei kwa Sony ya kukodi. Mpe karatasi, ukae kimya. Mfuko utasema naye vizuri kuliko wewe. Wengi watarudi kwenye bei ya kwanza, na watarudi kwa hiari yao, bila kukuona mdogo. Anayechagua ya pili atakuwa amelipia majivuno yake mwenyewe, na wewe umefanya kazi na kamera mpya bila kuinunua.

Ila wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kamera ya kukodi ichukuliwe jana yake, siyo asubuhi ya harusi. Lala nayo. Tafuta mahali pa kubadilishia mwangaza, pa kuzima mlio, pa kurudisha mipangilio aliyoiacha mteja wa jana. Hakikisha kadi inaandika na betri zote zinajaa. Na kamera yako ndogo iwe begani ikiwa tayari, kwa sababu ya kuazima ikigoma katikati ya kiapo, hakuna jina litakalokuokoa.

Hatua ya 9: Mteja naye apewe jina la kuvaa

Kama wewe unataka kuonekana na Canon shingoni, kwa nini mteja asitake kuonekana na kitu? Huyu ni mwenzako. Msaidie.

Seydou Keïta wa Bamako alilijua hili tangu miaka ya 1940. Yeye mwenyewe alianza kwa Brownie aliyoletewa na mjomba wake. Studioni aliweka saa, kalamu, redio, hata gari, na mteja alijichagulia cha kupigwa nacho picha. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia, saa na redio zikiwamo. Kwetu Kenya, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walijenga vibanda vyenye mandhari ya ndege na meli, na wasafiri walipanga foleni.

Kwa hiyo weka kwenye begi koti moja safi la rangi nyeusi, tai mbili, miwani ya jua na kitambaa cha kung'arisha viatu. Mzee akija kupigwa picha ya pasipoti bila kola, mvishe. Kijana akitaka kusimama kando ya gari la mgeni rasmi, mwombe dereva ruhusa na umsimamishe mahali ambapo namba ya gari haionekani. Usimcheke. Mtu uliyemsaidia kuonekana anavyojiona moyoni hatakuuliza tena kamera ni ya gani. Atakuuliza lini una nafasi.

Hatua ya 10: Linda ulichonacho

Mvua na ukungu vinavyoistawisha chai vinaistawisha fangasi pia. Usiihifadhi lenzi kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Ngozi hutunza unyevu. Tafuta ndoo au kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, uweke ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Muuza viatu wa soko anavitupa, muombe. Vibadilishe mara kwa mara.

Kadi za kuhifadhia picha ndizo jina pekee unalopaswa kulichunguza kwa ukali, kwa maana SanDisk za bandia zimejaa. Ukinunua kadi, ijaze yote kwa picha za ukuta, uzinakili kwenye kompyuta, uzifungue hadi ya mwisho. Kadi ya bandia hudai nafasi isiyokuwa nayo, kisha hupoteza picha kimyakimya. Afadhali ipoteze ukuta.

Na unapotuma picha kwa WhatsApp, itume kama faili, siyo kama picha, isibanwe. Picha iliyobanwa inakufanya uonekane una kamera mbovu, na umeshafanya kazi kubwa mno kuruhusu hilo.

Hatua ya 11: Bonasi ikitoka, mwulize jirani

Siku itafika utakuwa na pesa. Labda ni zako, labda mzazi ameahidi kukuongezea bonasi ya chai ikitoka mwezi wa kumi. Bonasi ya upande wetu mara nyingi huwa chini ya ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, kwa hiyo iheshimu. Usikimbilie jina ulilolitamani tangu shule.

Tembea kwanza. Waone wapiga picha watano walio karibu, Sotik, Keroka, Kapkatet, Bomet, hadi Kisii mjini. Angalia wana nini. Kisha nunua kile walichonacho wengi wao.

Sababu ni mdomo wa kamera, pale lenzi inapoingia. Wa Nikon F ni wa tangu 1959, wa Canon EF wa tangu 1987, wa Sony E wa tangu 2010, na lenzi ya huyu haimwingii yule bila kiunganishi. Ukiwa na mdomo mmoja na jirani, una lenzi zake pia. Na kamera zikiwa za aina moja, betri yako ikifa saa sita, yake inaingia. Akipata harusi mbili siku moja, moja inakuja kwako kwa sababu anajua faili zako zitafanana na zake. Fundi naye huzoea kile anacholetewa kila siku. Hapo jina la kampuni lina maana ya kweli, na maana hiyo inaamuliwa barabara ya Sotik kwenda Kisii, wala si kwenye video ya mtu wa Nairobi aliyetumiwa kamera ya bure aisifu.

Ukishanunua, ile ndogo usiitupe. Muuzie kijana anayeanza kwa bei ya haki, pamoja na hudi na kishikio chake, na umwonyeshe fangasi inavyotafutwa kwa tochi. Wapiga picha wazuri wakiwa wengi, wateja watajifunza kuangalia picha, na bei itapanda kwa wote.

Hatua ya 12: Gonga jina lako nyuma

Keïta alizigonga mhuri picha zake, jina lake likaonekana hapo. Studio zetu za zamani zilifanya hivyo pia, ndiyo maana picha ya babu yako inaweza kuwa bado inamtaja aliyeipiga wakati kamera yake haijulikani na yeyote.

Nenda kwa fundi wa mihuri. Agiza jina lako, neno Chepilat na namba ya simu. Chapisha picha kwenye karatasi, usiishie kutuma kwa simu tu, maana picha ya karatasi huzunguka mikononi siku ya matanga, siku ya koito, siku mtoto anaporudi nyumbani Desemba. Kila anayeigeuza aone mhuri. Wino ukauke vizuri kabla hujazipanga, usije ukachafua uso wa picha iliyo chini.

Mkanda wa Canon utaendelea kukuletea wateja wapya, uvae bila haya. Wanaorudi wanaletwa na mhuri. Ukibadilisha laini ya simu, badilisha na mhuri siku hiyo hiyo.